Ushauri nasaha wa mtandaoni Uingereza: ihakiki rejesta kabla hujaeleza ya nyumbani kwako

Nchini Uingereza hakuna sheria inayomzuia mtu kujiita mshauri nasaha au mtaalamu wa tiba ya mazungumzo. Mtu anaweza kufungua ukurasa leo, akaweka picha yenye tabasamu na bei ya saa moja, na kesho akaanza kupokea wateja bila kuvunja sheria yoyote. Wengi wetu tuliotoka Mtwara na Lindi hatulijui hilo, kwa kuwa tumezoea kudhani kwamba nchi yenye fomu kwa kila jambo haiwezi kuacha mlango wa aina hiyo wazi.

Mshauri niliyempata alijitangaza katika kundi la WhatsApp la Watanzania. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa, na baada ya miezi ya kueleza maumivu yangu kwa Kiingereza cha kuungaunga, nilipomsikia nilipata nafuu kubwa. Nilimweleza habari za ndoa yangu na za pombe iliyokuwa imeingia ndani ya nyumba, mpaka chupa zilizokuwa zikifichwa nyuma ya mfuko wa sembe kabatini. Haukupita muda, mjomba akanipigia simu kutoka Masasi. Aliniuliza kwa upole hali ya nyumba, kisha akautaja ule mfuko wa sembe. Jambo hilo sikuwa nimemwambia mtu mwingine yeyote. Mjomba simlaumu, maana kwetu ndoa ikiyumba yeye ndiye anayeitwa, na alipiga simu kwa mapenzi. Lakini huyo mshauri hakuwa mwanachama wa chama chochote cha taaluma, kwa hiyo hapakuwa na kamati ya maadili ya kumwita na kumhoji.

Kwa hiyo narudia: ihakiki rejesta kwanza, yaani orodha ya wataalamu waliosajiliwa na chama cha taaluma, ndipo ulipe. Washauri wengi wanaotambulika wamo katika rejesta ya BACP au ya UKCP, ambavyo ni vyama vya taaluma vya washauri na wataalamu wa tiba ya mazungumzo, na rejesta hizo mbili zimeidhinishwa na mamlaka iitwayo Professional Standards Authority. Ingia mwenyewe kwenye tovuti ya chama, usibonyeze kiungo alichokutumia yeye, kisha utafute jina lake na namba yake ya uanachama. Cheti chenye muhuri kilichopigwa picha si rejesta. Sifa za kanisani au msikitini nazo si rejesta. Akijitambulisha kuwa mwanasaikolojia tiba, mtafute katika rejesta ya HCPC, chombo cha kisheria kinachosajili baadhi ya wataalamu wa afya, kwa sababu jina hilo linalindwa na sheria. Walioko Marekani wafahamu kwamba leseni hutolewa na kila jimbo, na kwa kawaida mshauri anapaswa kuwa na leseni ya jimbo ambalo wewe umo wakati mnazungumza.

Huduma ya bure ipo. Ukiwa England na umesajiliwa kwa daktari wa familia, unaweza kujiandikisha mwenyewe NHS Talking Therapies, yaani tiba ya mazungumzo ya huduma ya afya ya umma, kwa ajili ya wasiwasi au sonona, na unaweza kuomba mkalimani bila malipo. Kituo cha daktari hakipaswi kukukataa kwa sababu tu huna karatasi za uhamiaji. Kwa uraibu kuna vituo vya eneo lako. Usiku ukiwa mzito, Samaritans wanapokea simu saa zote kwa namba 116 123. Maisha yakiwa hatarini, piga 999.

Kuhusu pombe, anayekunywa sana kila siku asiache ghafla kwa kuwa tu mshauri wa kwenye skrini amemhimiza. Mwili uliozoea pombe unaweza kupata degedege, hata kifo, kwa hiyo aonane na daktari kwanza.

Ndugu zetu wa nyumbani nawaomba jambo moja kwa heshima. Mtu aliyeko Ulaya akisema amechoka rohoni, msimjibu kwamba huko hakuna shida, wala msimtumie namba ya "mtaalamu" mliyoiokota kundini. Shangazi na makungwi wetu walikuwa na hekima, lakini aibu ya kuvunja siri iliwabana kwa sababu waliishi mtaa mmoja nasi. Mtu wa mtandaoni haoni aibu hiyo. Waingereza, ambao jirani anaweza kuugua mwezi mzima bila kubishiwa hodi, wamejifunza kuilinda siri kwa mikataba na kamati. Upweke wao siupendi hata kidogo, lakini katika hili wana jambo la kutufundisha.

Kabla ya kikao cha kwanza, mwandikie mshauri umuulize yuko katika rejesta gani, maelezo ya vikao anayahifadhi wapi, ni katika hali zipi analazimika kuvunja siri, kama vile mtoto anapokuwa hatarini, na kama ana jamaa au marafiki huko kwenu. Swali hilo la mwisho usilione aibu. Ukitambua kwamba anawafahamu watu wa Newala, Nachingwea au popote wanapoishi wako, mshukuru na utafute mwingine, hata kama itakulazimu kuzungumza kupitia mkalimani.