Namna ya kufasiri neno “quill” la Kiingereza

Leo mteja anakuletea kijitabu cha mashine, kesho hati ya shehena ya viungo, keshokutwa hadithi ya London ya zamani. Zote tatu zina neno quill, na kila moja inataka Kiswahili chake. Mimi hufanya hivi.

Hatua ya 1: Shika unyoya
Kamusi iweke kando kwanza. Okota unyoya mkubwa wa bawa la kuku. Bua lake ni gumu, na upande wa shinani lina uwazi ndani kama mrija. Likikatwa mshazari linatoa ncha. Maana nyingi za quill zimezaliwa na mrija huo au ncha hiyo, kwa hiyo swali la kwanza ni: kitu kinachotajwa kina tundu, au kinachoma?

Hatua ya 2: Kama kuna ncha
Habari ikiwa ya nungunungu, andika “mwiba”, wala usihangaike zaidi. Hii inahusu pia sanaa ya Walakota na mataifa mengine ya asili ya Marekani Kaskazini, wanaotia rangi miba hiyo na kuitumia kunakshi ngozi. Ukiandika “nakshi za manyoya” umewapa sanaa nyingine kabisa.

Kwenye hadithi za kale ni “kalamu ya unyoya”, aghalabu wa bata bukini. Neno “kalamu” peke yake halitoshi mara ya kwanza, kwa sababu katika Kiarabu tulikolitoa, asili yake ni ya utete. Ukishaitaja mara moja, “kalamu” tupu inatosha. Mwandishi anayetumia mkono wa kulia hupendelea unyoya wa bawa la kushoto, kwa kuwa hupinda kwenda nje, mbali na macho yake. Mtunzi akilitaja hilo, usilifupishe.

Kwenye hapsikodi, kinanda cha Ulaya kilichotangulia piano, quill ni kipande kidogo kinachodonoa waya. Zamani kilichongwa kwa bua la unyoya, mara nyingi wa kunguru.

Hatua ya 3: Kama kuna tundu
Hapa ndipo wafasiri wengi huteleza. Kwenye mashine ya kutobolea chuma ya kusimama, quill ni bomba linaloshuka na kupanda unapovuta mkono wa mashine. Lenyewe halizunguki, kinachozunguka ni ekseli iliyo ndani yake. Maelezo ya usalama yakichanganya viwili hivyo, anayeumia ni fundi. Nenda karakana ukaulize wanaliitaje bomba hilo. Wasipokuwa na jina maalumu, andika “bomba la ekseli” na ulishikilie hadi mwisho wa kijitabu.

Kwa mfumaji, ni kijiti au kimrija cha kuzungushia uzi wa mshindio, yaani unaopita kwa upana wa kitambaa.

Kwenye viungo ni mdalasini uliojikunja. Kwa mapishi “kijiti cha mdalasini” kinafaa, lakini kwa hati ya biashara hakitoshi. Mdalasini wa Sri Lanka hutengenezwa kwa kupachika maganda membamba, moja ndani ya jingine, mpaka yawe msokoto mmoja mrefu. Daraja la Alba, lililo la juu kabisa, huwa na kipenyo cha chini ya milimita 6. Kasia (cassia), aina nyingine ya mdalasini, ni ganda moja nene, gumu, lililojikunja lenyewe. Mimi huandika “msokoto wa mdalasini”, maana mnunuzi analipia huo msokoto.

Hatua ya 4: Angalia mkia wa neno
Kwenye ankara ya viungo, quillings ni vipande vilivyovunjika vya misokoto hiyo, na bei yake ni ya chini. Likiondolewa “s” mwishoni, mara nyingi ni sanaa ya kukunja vipande vyembamba vya karatasi na kuvigandisha kuwa maua. Tafuta kwanza kama ukurasa unataja kilo au gundi.