Namna ya Kukadiria Umbali na Muda wa Safari ya Ndege: Nairobi hadi New York

Anayetaka kujua umbali wa safari hii asianze na ramani ya ukutani. Ukipiga mstari kwa rula kwenye ramani hiyo, utaona kana kwamba ndege hukatiza Nigeria na Mali, ilhali njia fupi juu ya dunia ya mviringo hujipinda kuelekea kaskazini: hupita Sudan Kusini, Chad, Algeria na Morocco, kisha huvuka Atlantiki karibu na visiwa vya Azores.

Chukua tufe la dunia na uzi. Uvute uzi ukaze kati ya miji hiyo miwili, kisha uupime kwa rula. Kwa kuwa mzingo wa dunia ni takriban kilomita 40,000, tufe lenye mzingo wa sentimita 100 hufanya kila sentimita iwe kilomita 400. Uzi wako utakaribia sentimita 29 na nusu, yaani kilomita 11,800 hivi. Hesabu kamili ya latitudo na longitudo za viwanja vya Jomo Kenyatta na John F. Kennedy hutoa kama kilomita 11,840, kwa hiyo uzi haukudanganyi sana.

Muda sasa. Ndege kubwa ya abiria ikishatulia angani husafiri kwa takriban kilomita 900 kwa saa, na ukigawanya umbali kwa kasi hiyo unapata saa 13 na dakika chache. Ongeza nusu saa au zaidi kwa kupaa, kutua na mwendo wa polepole uwanjani. Hata hivyo, Kenya Airways, iliyoanzisha safari ya moja kwa moja kati ya miji hii tarehe 28 Oktoba 2018, hupanga takriban saa 15 kwenda na 14 kurudi. Tofauti hiyo huletwa hasa na upepo wa kasi wa anga za juu, ambao katika latitudo za kati huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ukaipinga ndege inayokwenda Marekani na kuisukuma inayorudi. Aidha, ndege hulazimika kuzunguka anga iliyofungwa, kama ile ya Sudan iliyofungwa vita vilipoanza Aprili 2023.

Linalowachanganya wengi zaidi ni saa ya kufika. Saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za mji husika, na huhesabiwa kuanzia usiku wa manane, si kuanzia mawio na machweo kama tuhesabuvyo sisi. 23:00 ni saa tano usiku. Ukiondoka Nairobi wakati huo na kusafiri saa 15, Nairobi itakuwa saa nane mchana wa kesho yake. New York iko nyuma kwa saa 7 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, na saa 8 miezi mingine, kwa hiyo utatua saa moja asubuhi au, wakati wa baridi, saa kumi na mbili asubuhi. Kwa safari ya kurudi unajumlisha tofauti hiyo badala ya kuitoa: ukiondoka 13:00 mwezi Julai, baada ya saa 14 utafika Nairobi saa nne asubuhi ya siku inayofuata, na anayekuja kukupokea aambiwe tarehe hiyo, si ya kuondoka.