Mjue kidung'ata wa muhogo kabla ya kushika bomba la dawa

Kiangazi kikikolea, swali linalowafikia maafisa ugani kwenye maeneo ya muhogo ni lile lile: "Bwana shamba, ncha za muhogo wangu zimejikunja zote, nipige dawa gani?" Kabla ya kutaja dawa yoyote, mwambie mkulima achume ncha moja iliyosinyaa, aifungue majani yake taratibu, kisha aeleze alichokikuta ndani. Kuna mdudu? Ana rangi gani? Ana mikia? Anatembea au amebandika? Majibu ya maswali hayo manne yana thamani kuliko chupa yoyote iliyopo duka la pembejeo, kwa sababu wadudu weupe wanaokaa kwenye muhogo si wa aina moja, na tiba yao si moja.

Makala hii inamhusu mmoja wao, kidung'ata wa muhogo, ambaye wataalamu humwita Phenacoccus manihoti. Nitakaa zaidi kwenye maumbile yake. Ukishaujua mwili wake, utaelewa mwenyewe kwa nini dawa humshinda na kwa nini nyigu mdogo kuliko yeye humweza.

Huyu ni mgeni kutoka Amerika Kusini. Kwao ni Paraguay na maeneo ya jirani ya Bolivia na Brazil. Muhogo ulifika Afrika tangu karne ya 16 kwa mikono ya Wareno, lakini mdudu wake alibaki nyuma kwa miaka mamia. Alionekana pande za Kinshasa na Brazzaville mwanzoni mwa miaka ya 1970, yaelekea akiwa amesafiri na mbegu ya kupandia. Kutoka hapo akazagaa ukanda wote wa muhogo, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa ameshaingia Tanzania na Kenya. Mashamba aliyoyavamia kwa nguvu yalipoteza hadi asilimia 80 ya mazao ya mizizi. Kule kwao Paraguay hana makuu hayo, maana maadui zake humla tangu zamani.

Mwili wake ukoje

Kwa ukoo, kidung'ata ni ndugu wa wadudu magamba, wale wanaobandika kwenye majani na matawi ya mchungwa wasiondoke tena. Tofauti yao ni kwamba kidung'ata hana gamba gumu. Kinachomfunika ni nta laini anayoitoa mwilini, inayobaki juu yake kama unga. Pia hapotezi miguu yake. Jike aliyekomaa ana miguu sita kamili na hutembea akitaka, ingawa kwa mwendo wa kujikokota.

Ana umbo la yai lililobonyea kidogo, urefu kati ya milimita 1 na 2 na nusu hivi. Chukua unyoya au brashi laini, mpanguse ile nta. Chini yake utakuta ngozi ya rangi ya waridi. Hii ndiyo alama ya kwanza na ndiyo ninayoiamini zaidi shambani, kwa sababu haihitaji kifaa chochote. Ukimkuta wa manjano, simama kwanza, huenda ni mwingine kabisa.

Alama ya pili iko ukingoni mwa mwili. Kuuzunguka mwili kuna jozi 18 za vinundu vidogo vyenye miiba, na kila kimoja hutoa kijinyuzi cha nta. Kwa vidung'ata wengine nyuzi hizo huwa ndefu, mdudu akaonekana ana mashada pande zote. Kwa wetu huyu ni fupi mno, na hata zile mbili za nyuma hazistahili kuitwa mikia. Basi ukiona mdudu mweupe kwenye muhogo mwenye mikia miwili mirefu na michirizi miwili myeusi mgongoni, huyo ni Ferrisia virgata. Hufyonza muhogo pia, ila hakunji ncha kwa namna ya huyu. Na ukikuta wa manjano aliyejaa mpaka kwenye mapapai ya jirani, mshuku kidung'ata wa papai, Paracoccus marginatus, mwenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, aliyeingia Afrika Mashariki katika miaka ya 2010 na ambaye muhogo nao haumshindi.

Mgeuze chali sasa. Kwa lenzi ya mkononi utaona vipapasio viwili vilivyogawanyika sehemu tisa kila kimoja. Mtoto aliyetoka kwenye yai muda si mrefu huwa na sehemu sita tu. Macho yako pembeni mwa kichwa. Kila mguu unaishia kwenye ukucha mmoja wenye kijino, lakini hicho huonekana kwa hadubini, kwa hiyo tuwaachie wa maabara. Mdomo haupo mbele kama ungetarajia. Upo chini ya mwili, katikati ya miguu ya mbele, na ndani yake mna nyuzi nyembamba za kufyonzea ambazo ni ndefu kuliko unavyoweza kudhani kwa kumtazama tu. Akiwa hali, huzikunja na kuzihifadhi ndani ya mwili. Akila, huzipenyeza kati ya chembe za jani mpaka zifike kwenye mishipa inayosafirisha chakula cha mmea.

Na hapo ndipo madhara yanapoanzia. Wakati anafyonza, hutema mate ndani ya mmea, na mate hayo yana sumu inayovuruga ukuaji wa ncha. Nafasi kati ya jani na jani hufupika, majani machanga hujikunja na kurundikana, na kilele cha mmea kinafumbata kama kichwa cha kabichi. Ukiuona umbo hilo katikati ya kiangazi, usiishie kulaumu ukame. Wala usiuchanganye na ugonjwa wa batobato: batobato huacha mabaka ya manjano na kijani kibichi kwenye majani yaliyopinda, wala ukifungua ncha hukuti mdudu wala nta.

Mwisho wa tumbo kuna tundu lililozungukwa na nywele sita. Hapo hutoka majimaji matamu, maana utomvu anaoufyonza una sukari nyingi kuliko mahitaji yake. Majimaji hayo hudondokea majani ya chini, yakaota ukungu mweusi wa masizi, na pia huita sisimizi. Mgongoni kuna vijipasuo jozi mbili, moja karibu na kichwa na nyingine upande wa nyuma. Vidung'ata kwa jumla wakichokozwa hutoa humo tone la maji ya kunata, ambalo linaweza kumganda adui mdogo mdomoni.

Majike watupu

Kwa kidung'ata wa muhogo hakuna habari ya dume. Kila mmoja ni jike, na kila jike hutaga bila kupandwa. Mayai yake ya manjano ya dhahabu huyaweka kwenye mfuko wa nyuzi za nta anaoufuma nyuma ya mwili wake, na mfuko mmoja unaweza kubeba mayai zaidi ya 400. Watoto wakianguliwa hutawanyika, wengine kwa miguu, wengine kwa kupeperushwa na upepo. Hujibadua mara tatu ndipo wakomae, na kwenye joto, mzunguko mzima humalizika kwa takribani mwezi mmoja.

Piga hesabu hapo uone kwa nini pingili moja yenye mdudu mmoja inatosha kuharibu mtaa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi yetu iko kwenye mbegu. Chukua mbegu kwenye shamba ambalo ulilikagua likiwa bado lina majani, si kwenye lundo la mashina uliloletewa na lori. Pukutisha majani yote na ukate ncha mbichi palepale shambani, usisafirishe navyo. Kagua macho ya pingili moja moja, hasa pale jani lilipokuwa limeshikilia shina, kwani nta hujificha humo. Shamba lililofumbata ncha lisitoe mbegu kabisa, hata kama mashina yake ni manene, na kwa kawaida hayawi manene, yanakuwa yamepinda na yenye pingili fupi.

Panda mapema, mvua zikianza. Mmea ulioshika vizuri kabla ya kiangazi huvumilia, na mvua kubwa zenyewe huwasukuma vidung'ata wengi wakaanguka. Anayepanda mwisho wa mvua anawaandalia ncha laini wakati ule ule wanapozaana kwa kasi.

Kwa nini dawa haimwezi, na nyigu anamweza

Sasa unganisha mambo. Mwili umefunikwa nta, na maji ya dawa huteleza juu yake. Mayai yamo ndani ya mfuko wa nta. Familia nzima imejifungia kwenye ncha iliyokunjwa na mate ya mama yao. Unapopuliza, unalowesha majani ya nje, unaua mbawakawa wala-wadudu na nyigu waliokuwa wakikusaidia, na wiki chache baadaye mayai yanaanguliwa kwenye shamba lisilo na mlinzi. Isitoshe, majani hayo hayo ndiyo kisamvu cha nyumbani. Nawajua wauza pembejeo watakaokwambia vingine, lakini biashara ni biashara.

Aliyemtuliza kidung'ata barani Afrika ni nyigu aitwaye Anagyrus lopezi. Kupatikana kwake kulichelewa kwa sababu ya jambo hili hili la maumbile. Watafiti walipokwenda Amerika kumtafuta kidung'ata na maadui zake, kwanza walikuta mwenzake anayefanana naye sana kaskazini mwa bara hilo. Maadui wa huyo walimkataa kidung'ata wa Afrika. Walipochunguza kwa makini wakakuta ni spishi nyingine: huyo ni wa manjano na ana madume. Mwaka 1981 akapewa jina lake, Phenacoccus herreni. Mwaka huo huo Anthony Bellotti wa CIAT, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Kolombia, alimpata kidung'ata mwenyewe nchini Paraguay, na nyigu wake akapatikana. Baada ya karantini Uingereza, nyigu walifikishwa IITA, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Ibadan, wakaachiliwa Nigeria mwaka 1981. Wakaenea nchi zaidi ya 25, na Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo akatunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Jike la nyigu humchoma kidung'ata na kutaga yai ndani ya mwili wake. Kidung'ata mwingine humchoma ili anywe maji yake tu, na huyo pia hufa. Funza wa nyigu hula kutoka ndani, kidung'ata akavimba, akakauka, akawa ganda la kahawia lisilo na unga. Ukiona maganda hayo kwenye ncha, mengine yakiwa na tundu la mviringo upande wa nyuma, jua askari wako wapo kazini. Ncha kama hizo usizichome moto. Zikiwa lazima zikatwe, ziache kivulini pembezoni mwa shamba, nyigu watoke.

Nyigu huyu ana tabia moja ambayo mkulima akiijua itamfaa. Yai analotaga kwenye kidung'ata mkubwa kwa kawaida hutoa nyigu jike. Kwenye kidung'ata mdogo hutoa dume. Na wanaotaga ni majike. Muhogo uliodhoofu kwenye kichanga kisicho na rutuba hulea vidung'ata wadogo, vidung'ata wadogo hutoa nyigu madume kwa wingi, na kizazi cha walinzi kinapungua. Kwa hiyo samadi na matandazo kwenye muhogo havilishi mizizi peke yake. Mashamba ya kichanga yasiyotandazwa ndiyo yaliyoendelea kusumbuliwa hata baada ya nyigu kuenea, na wengi wakadhani nyigu wamefeli.

Angalia pia sisimizi. Wanafuata yale majimaji matamu, na wakilinda chakula chao huwafukuza nyigu. Vichuguu vyao vilivyo shinani mwa mihogo iliyoshambuliwa vivuruge wakati wa palizi.

Kama mihogo michache ndiyo iliyoshikwa, tuseme ya uani, kata ncha zilizofumbata ambazo hazina maganda ya kahawia, uzizike au uzichome. Kwa iliyobaki, maji yenye sabuni kidogo yakipigwa kwa nguvu ndani ya ncha iliyofunguliwa kwa mkono huondoa nta na wadudu wengi. Ni kazi ya mikono, haifai ekari tano.

Ukibaki na shaka, peleka sampuli kwa afisa ugani wako. Usimbandue mdudu kwa kucha, utamponda. Kata kipande cha jani alichokalia, kitumbukize kwenye chupa ndogo yenye spiriti, andika nje ya chupa tarehe, kijiji, mmea ulikomtoa na rangi aliyokuwa nayo akiwa hai, kwa kuwa ndani ya spiriti rangi hupotea. Iangalie chupa baada ya siku mbili: kidung'ata wa papai atakuwa amegeuka mweusi wa kibuluu. Wa muhogo hageuki hivyo.