Ukimpigia mzazi, anza na ulichokiona
Kwa walimu wenzangu, hasa wa darasa: mwanafunzi akibadilika ghafla na ukaamua kumpigia mzazi, usianze na jina la tatizo. Mweleze kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako, uliza, "Nyumbani unamwonaje?", kisha nyamaza usikilize. Badala ya "mwanao ana msongo wa mawazo" au "siku hizi hajali masomo", sema: "Tangu Jumatatu anakaa peke yake wakati wa mapumziko, na daftari la hesabu analileta halina kitu." Mzazi akisikia hukumu hujitetea, au jioni ileile humgeukia mtoto kwa ukali. Akisikia jambo lililoonekana, naye hutoa lake: halali vizuri, amegombana na rafiki yake, kuna mgonjwa ndani ya nyumba. Mara nyingi si kile mwalimu alichodhani. Kabla ya kukata simu, kubalianeni jambo moja dogo kwa kila upande, na siku ya kuzungumza tena. Siku hiyo msiiache, maana bila hiyo mambo huishia kwenye simu.

Njia hii haifai pale dalili zinapoelekeza nyumbani kwenyewe: mtoto anaogopa kurudi, ana alama za kipigo, au anakusihi usimwambie mtu fulani. Hapo nenda kwanza kwa mshauri wa wanafunzi au anayehusika na ulinzi wa watoto shuleni. Na akitaja kujidhuru, asiachwe peke yake hata kidogo. Msaada utafutwe saa hiyohiyo.