SOMO: Kunoa picha kabla ya kuipandisha mtandaoni

Wadau, swali la "mbona picha yangu ikifika Instagram inakuwa na ukungu" nimelijibu hadi nimechoka. Naliandika hapa mara moja, atakayeuliza tena atapewa linki. Kunoa ni kuzipa kingo za picha ukali. Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa kuwa ni ya bure. Photoshop nayo ina kifaa hichohicho.

1. Maliza rangi, mwanga na kukata. Faili la asili usiliguse.

2. Kama picha ina chenga (vidoto-vidoto vya mwanga hafifu), zipunguze sasa. Ukizinoa zitakutoa macho.

3. Punguza ukubwa. Kwa Instagram, upana wa pikseli 1080 unatosha.

4. Sasa ndiyo unoe. Nimesema SASA, si kabla ya namba 3. Picha ya megapikseli 24 ina upana wa pikseli 6000 hivi. Ukiishusha hadi 1080, pikseli kama 30 zinasagwa kuwa moja, na kunoa kote ulikofanya mwanzo kumemezwa. Zumu iwe asilimia 100, kisha ingia Filters, Enhance, chagua Unsharp Mask. Kifaa hiki hakiongezi kitu ambacho kamera haikukiona. Kinachofanya ni kutia weusi upande wenye giza wa ukingo na weupe upande wenye mwanga, basi jicho linaona ukali. Radius ni upana wa huo mstari: kwa picha ndogo anza na 0.5. Amount ni nguvu yake: anza na 0.5 pia, panda taratibu. Threshold ni kiwango cha tofauti ambacho chini yake hakinoi: iache sifuri kwa majengo. Kwa sura za watu ipandishe kidogo, la sivyo kila kitundu cha ngozi kitahesabika.

Angalia paa la bati dhidi ya mawingu, au kichwa cha mtu dhidi ya anga. Ukiona uzi mweupe umekizunguka, umezidisha, rudi. Na usinoe mara mbili: Lightroom, programu nyingine ya picha, ina kunoa kwake wakati wa kutoa faili, chagua kimoja.

5. Toa JPEG, ubora 85 hivi, rangi sRGB (mpangilio wa rangi wa kawaida mtandaoni).

MASWALI

– Mkuu nimefuata yote, bado ukungu.
Ulinoa kabla au baada ya kupunguza?
– Kabla.
Namba 4.

– Bwana harusi alitikisika, niweke Amount ngapi?
Hakuna Amount ya hivyo. Hiyo ni kasi ya shata (kamera kufunguka na kufunga haraka), ilitakiwa siku ya harusi.

– Nauza vitenge. Nikinoa, penye nyekundu na kijani panazuka rangi za ajabu pembeni.
Swali zuri sana dada. Nakili leya (tabaka la picha), noa ile ya juu, kisha badili modi yake iwe Luminance. Ukali utaingia kwenye mwanga tu, rangi zitabaki kama za dukani. Ukiongeza maski (kifuniko; penye nyeusi leya hiyo haionekani) kwenye leya hiyo unaweza kupaka nyeusi usoni kwa modo, kitambaa kikabaki kikali na ngozi ikatulia.

– Enzi za filamu watu walinoaje?
Kwa mbinu hiihii, mzee wangu. Chumba cha giza walitengeneza nakala chanya, hafifu, yenye ukungu, wakaibandika pamoja na negativu ndipo wakachapa. Kompyuta nayo inatengeneza nakala yenye ukungu, inaitoa kwenye picha yako, na tofauti inayobaki inairudisha juu.

– Somo refu bure, mimi filta za simu zinanitosha.
Sawa. Hukulazimishwa kusoma.

– Mimi sina kompyuta, natumia Snapseed, app ya simu.
Ingia Details, tumia Sharpening kidogo. Structure iache kwa kuta na mawe, usoni inazeesha watu.

– Na mteja akitaka picha kwa WhatsApp?
Tuma kama dokumenti, isibanwe.

– Nyongeza kwa wa simu: futeni lenzi kwanza, mafuta ya vidole hayanoleki.
Hili nilipaswa kuliweka namba sifuri.