Kuosha masalia ya kuchuja, ufanisi unapigwa hivi

Unapoosha masalia yaliyobaki kwenye chujio ili utoe mali iliyonasa humo, usimwage kiyeyushi (kimiminika kinachoyeyusha mali hiyo) chote kwa mpigo, hapo ndo wengi wanaipoteza. Kwanza jua masalia yanashika majimaji kiasi gani baada ya kuchuja, yapime mabichi, kausha, pima tena, tofauti igawanye kwa densiti ya kiyeyushi (uzito wa lita yake moja) upate lita. Tuseme yameshika lita 2 na una lita 12 safi za kuoshea. Ukimwaga zote mara moja, baada ya kuchuja inabaki 2/14 (lita 2 zilizoshikwa kati ya jumla ya 14), yaani asilimia 14.3 ya mali iliyonasa, ufanisi (sehemu uliyoitoa) asilimia 85.7. Sasa zigawe mara tatu, lita 4 4, unachuja kila raundi: 2/6 × 2/6 × 2/6 = 1/27, inabaki asilimia 3.7 tu, ufanisi 96.3! Na kiyeyushi ni kilekile jamani. Ila koroga mpaka madonge yote yavunjike, bila hivyo hesabu inakudanganya.