Punda Akigonga Ukuta: Jinsi ya Kupima Mgongano Kwenye Gemu

Gemu yangu ya kwanza ni ya punda. Mchezaji anamtoa punda pwani na magunia mawili ya mchanga, anampitisha vichochoro vya Langoni, mtaa wa Lamu, mpaka kwenye nyumba inayojengwa, asigonge mtu wala ukuta. Akigonga mara tatu mchanga umemwagika, anaanza upya. Niliiandika kwa lugha ya Python na Pygame, maktaba yake ya kutengenezea gemu, mwezi mzima, kila siku baada ya isha. Nilipomaliza nikamkalisha barazani mtoto wa kaka yangu, ana miaka 11, aijaribu. Hazikupita dakika mbili akaisukuma kompyuta.

"Ami, hakunigusa yule! Wallahi hakunigusa!"

Nikairudisha ile picha nikaitazama. Alikuwa na haki. Kati ya sikio la punda na kikapu cha mama aliyekuwa akipita palikuwa na nafasi unayoiona kwa macho. Kompyuta ikasema wamegongana. Mtoto amedhulumiwa, na mtoto aliyedhulumiwa harudi kucheza. Nikaifumua sehemu ile yote nikaiandika upya, na haya ndiyo niliyoyafanya.

Anza na sanduku. Kompyuta haimwoni punda. Inajua namba nne tu: x, y, upana na urefu wa mstatili. Picha yangu ya punda ni pikseli (vitone vya skrini) 64 kwa 48, lakini pembe za picha hiyo ni tupu, na mimi nilikuwa napima picha nzima, utupu ukiwemo. Kwa hiyo kila kitu kwenye gemu kipe sanduku lake la mgongano, mbali na picha yake. La punda wangu sasa ni 40 kwa 22: kiwiliwili na sehemu ya magunia. Masikio yako nje, mkia uko nje. Kanuni ninayoifuata ni hii: kinachomwumiza mchezaji, sanduku lake liwe dogo kuliko picha, anachokiokota, kama tende au sarafu, sanduku lake liwe kubwa kidogo. Mchezaji akiponea chupuchupu anafurahi. Na ukiwa bado unatengeneza, yachore masanduku hayo kwa mstari mwekundu juu ya picha. Bila kuyaona utabahatisha usiku kucha.

Sasa kipimo chenyewe. Wengi huanza kwa kuuliza, "vimegusana wapi?" Wanaandika masharti kumi, na bado yanavuja. Uliza kinyume chake: vimeachana? Masanduku mawili yasiyoinama yanaweza kuachana kwa namna nne tu. Hili liko kushoto kabisa mwa lile, au kulia kabisa, au juu kabisa, au chini kabisa. Kama hakuna hata moja iliyo kweli, yamepandana. Hakuna njia ya tano.

def zimepandana(a, b):
    return (a.kushoto < b.kulia and a.kulia > b.kushoto
            and a.juu < b.chini and a.chini > b.juu)

Kushoto ni x, kulia ni x kuongeza upana. Juu ni y, chini ni y kuongeza urefu. Angalia vizuri hapo: kwenye skrini y inakua ukishuka, si ukipanda kama kwenye daftari la hesabu. Ukisahau hilo, masharti mawili ya mwisho yatakuwa kinyume na hakuna kitakachogongana.

Angalia pia alama ni <, haina usawa ndani yake. Masanduku yanayogusana ukingo kwa ukingo hayahesabiwi kuwa yamegongana. Pygame nayo inapima hivyo hivyo. Punda anayetembea ubavuni mwa ukuta anaugusa kila hatua, na ukihesabu mguso huo atanata pale pale.

Kunata huko ndiko kulikonichosha kuliko yote. Mwanzo nilifanya hivi: punda akigonga ukuta, mrudishe alipokuwa. Inaonekana sawa mpaka mchezaji abonyeze kulia na juu kwa pamoja. Kulia kuna ukuta, juu njia ni wazi, lakini punda anaganda, kwa sababu nimeirudisha hatua yote. Punda wa kweli hafanyi hivyo. Tazama kuta za vichochoro vyetu, chokaa imekwanguka kwa kimo cha magunia, mstari mrefu. Punda anaparuza ukuta na safari inaendelea.

Dawa ni kuigawa hatua. Msogeze kwa x peke yake, pima, mtoe ukutani. Kisha msogeze kwa y peke yake, pima, mtoe.

punda.x += kasi_x * muda
for ukuta in kuta:
    if zimepandana(punda, ukuta):
        if kasi_x > 0:
            punda.x = ukuta.kushoto - punda.upana
        elif kasi_x < 0:
            punda.x = ukuta.kulia

Halafu rudia yale yale kwa y. Muda hapo ni sekunde zilizopita tangu fremu iliyotangulia, yaani tangu skrini ilipochorwa mara ya mwisho. Kwa mpango huu ukuta unazuia upande mmoja tu, na ule mwingine unabaki huru. Tena punda anafika mpaka ukutani barabara badala ya kusimama pikseli tatu kabla. Usijaribu kuzisogeza x na y kwa mpigo halafu ukisie amegonga kwa upande gani. Nilijaribu, na kwenye kila kona punda alirushwa kusikojulikana.

Ukitumia Rect, mstatili ambao Pygame inakupa tayari, kuna mtego mmoja. Rect inashika namba kamili tu, desimali inakatwa. Punda aliyechoka kwangu anakwenda pikseli 20 kwa sekunde, yaani theluthi moja ya pikseli kwa fremu. Akienda kulia, 100 inakuwa 100.33, inakatwa, inarudi 100. Hasogei kamwe. Akienda kushoto, 99.67 inakatwa kuwa 99, basi kila fremu anaruka pikseli nzima. Nilidhani kibodi imeharibika. Weka x na y zenye desimali mahali pako mwenyewe, kisha mpe Rect nakala kila fremu.

Vitu vya duara ni rahisi zaidi. Chukua umbali wa kitovu hadi kitovu. Ukiwa mdogo kuliko nusukipenyo mbili zikijumlishwa, zimegongana. Usitafute kipeuo cha pili, linganisha miraba yenyewe, ni kazi ndogo kwa mashine. Duara na sanduku: tafuta nukta ya sanduku iliyo karibu kabisa na kitovu kwa kukibana kitovu kati ya kushoto na kulia, na kati ya juu na chini, kisha pima umbali wa nukta hiyo hadi kitovu, uulinganishe na nusukipenyo.

Kwenye gemu kuna watoto wanaocheza mpira kichochoroni, na mpira huo ukanifundisha jambo. Kwenye kompyuta yangu ulidunda ukutani bila kasoro. Kwenye kompyuta kuukuu ya nyumbani kwa kaka, karibu teke moja kwa kila matatu, mpira ulipenya ukuta ukatokea upande wa pili. Msimbo ni ule ule.

Nikakaa na karatasi. Mpira una upana wa pikseli 12, ukuta una unene wa 8. Mpira unapopita, unaupanda ukuta kwa urefu wa pikseli 20 tu za safari yake. Kasi ni pikseli 900 kwa sekunde. Kwangu fremu ni 60 kwa sekunde, kila hatua ni pikseli 15, kwa hiyo lazima hatua moja iangukie ndani ya zile 20. Kompyuta ya kaka inatoa fremu 30, hatua ni 30. Fremu hii mpira uko upande huu, fremu inayofuata uko ng'ambo, na hakuna wakati uliopimwa ukiwa juu ya ukuta. Kipimo hakikukosea. Hakikuulizwa.

Basi ikate hatua vipande, kila kipande kisizidi upana wa mpira, na upime baada ya kila kimoja. Hatua ya 30 nikaikata mara tatu, kumi kumi. Vitu vya kasi tu ndivyo vinavyohitaji hivyo; punda mwenye upana wa 40 haruki ukuta kwa mwendo wake.

La mwisho ni wingi. Nina vitu 102 kwenye ramani. Ukipima kila kimoja na kila kingine ni jozi 5,151 kwa kila fremu. Lakini 90 kati ya hivyo ni kuta, na kuta hazigongani zenyewe kwa zenyewe. Pima vile 12 vinavyotembea dhidi ya kuta na dhidi yao wenyewe tu: jozi 1,146. Ramani ikikua zaidi, igawe viwanja vya pikseli 64, kila kitu kiandikwe kwenye kila kiwanja kinachokigusa, na upime walio kiwanja kimoja tu. Hii kwenye msimbo wangu nimeiita simile. Mwenye punda akipiga kelele "Simile! Simile!" wanaojibanza ukutani ni wa kichochoro kile; walioko Mkomani, mtaa mwingine, wanaendelea na shughuli zao.

Mtoto wa kaka alirudi Ijumaa. Alimgonga yule mama wa kikapu mara mbili, na mara zote mbili alinyamaza akaendelea.